Nafasi ya kwanza Lupopo ipewe kijana wa Annexe

Kama FC Saint-Éloi Lupopo ina nafasi moja tu ya kusajili, nani aingie kwanza? Mashabiki wengi watataka mshambuliaji aliyekomaa kutoka mbali. Wanaeleweka: tangu ubingwa wa 2002 wamengoja sana.

Lakini nafasi hiyo ipewe kijana wa Annexe. Mchezaji wa kununuliwa akifunga mabao, kesho anaenda kwingine. Kijana aliyelelewa hapa anakaa, na akiuzwa, feza inabaki kwa timu. Jirani zao TP Mazembe, waliofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010, wana shule yao ya mpira.

Shida kubwa ni karatasi. Watoto wengi wa familia zilizokimbia vita hawana cheti cha kuzaliwa, na bila karatasi hakuna leseni. Siku 90 baada ya kuzaliwa zikipita, mzazi lazima apate kwanza hukumu ya mahakama ya watoto. Basi Lupopo isitume Annexe mtu wa kutazama miguu tu. Itume pia wa kusindikiza wazazi mahakamani. La sivyo, kipaji kitabaki palepale kwenye vumbi.