Batri haifi bure, ni sisi tunaiua



Katika mitaa yetu ya migodi, Kolwezi, Likasi na hata Lubumbashi, nyumba nyingi ziko na pano ya jua juu ya bati, kwa sababu moto unakatika mara kwa mara. Ni vizuri. Lakini watu wananiambia: «Pastere, batri yetu imekufa.» Mimi sicheki. Batri yangu ya kwanza haikumaliza mwaka. Ilizimika wakati mtoto wetu alikuwa anajitayarisha kwa ekzame ya Serikali, akasomea ku mushumaa. Kosa lilikuwa langu.

Basi tuhesabu pamoja. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Musitumie zaidi ya nusu, ni kusema 600. Televizyo ya wati 50 kwa saa 4 inakula 200. Taa 4 za wati 7 kwa saa 5 zinakula 140. Jumla ni 340. Pano ya wati 100, jua likiwa zuri saa 5, inatoa karibu 500, na sehemu moja inapotea njiani. Inatosha. Lakini mukiongeza frigo, munatoa kuliko munavyoweka. Batri ikilala na njaa siku nyingi, kitu kigumu kama chumvi kinashika risasi ya ndani, na nguvu hairudi tena.

Konvertisere je? Inageuza volti 12 kuwa 220, lakini haizai moto. Inakula hata kama hakuna kitu kimewashwa: muizime mukilala. Nyingi zinajizima karibu na volti 10.5, na hapo batri imekwisha kuumia. Pimeni batri ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Hapo muache.

Musifunge pano moja kwa moja ku batri. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kupita 18, na batri itachemka. Regilatere iko kwa kazi hiyo. Fungeni batri kwanza, kisha pano.

Vijana, kazi yenu ni hii: pano ielekee kaskazini, na wakati wa kiangazi muipanguse vumbi la malori. Batri ya kuongeza maji, muipatie maji ya batri tu, si ya kisima.

Mama, batri ikisharji inatoa gesi inayoshika moto. Isikae mu chumba cha kulala wala karibu na mbabula. Asidi inaunguza macho. Na ile ya zamani, watoto wasiipasue: risasi ni sumu.

Leo jioni, mbele ya kuwasha televizyo, kaeni pamoja na karatasi na kalamu. Andikeni kinachoingia na kinachotoka. Batri ni kama mufuko wa nyumba: anayetoa bila kuhesabu atalala gizani.