Malaria Isiyo na Homa: Bagara na Visiwani

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza Bagara inamhusu nini. Bagara ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, tawi moja likaelekea Dodoma na jingine Singida. Bahari iko mbali mno. Hata hivyo, kwa habari ya malaria, Bagara nayo ni kisiwa. Manyara imo katika kundi la mikoa yenye maambukizo machache kabisa nchini, ilhali uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya watoto wapatao 23 kati ya kila 100 wa umri wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Tabora. Visiwani nako malaria ilikwisha shuka sana. Kote kuwili hatari kubwa huingia pamoja na msafiri. Na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, msafiri huyo hachelewi kufika.

Msafiri tunayemsema si mgonjwa anayetetemeka chini ya blanketi. Huyo atakwenda zahanati mwenyewe. Shaka yetu iko kwa mtu aliyekulia penye malaria nyingi, ambaye mwili wake umezoea vimelea hata havimlazi. Anakula, anabeba mizigo, anacheza bao jioni. Akiulizwa kama anaumwa atajibu kuwa haumwi, na atakuwa amesema kweli. Lakini mbu akimwuma anaweza kuchukua vimelea hivyo na kuvipeleka kwa mtoto wa jirani, ambaye hana kinga hata kidogo kwa sababu amezaliwa mahali ambapo malaria ilikwisha pungua. Ndiyo maana mafanikio yenyewe huwaacha wenyeji wa Bagara na wa Visiwani katika hatari zaidi ugonjwa unaporudi.

Basi, apimwe kwa kitu gani? Hapa ndipo wakubwa wetu hupenda jibu jepesi. Kipimo cha haraka kilichomo katika zahanati zetu ni chombo chema kwa mwenye homa. Lakini vimelea vikiwa chini ya 100 hivi katika maikrolita moja ya damu, mara nyingi kipimo hicho husema hakuna kitu, hali vimo. Aidha, kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa akapona, kwa kuwa kinachotafutwa ni protini ya kimelea wala si kimelea chenyewe. Hadubini inahitaji jicho la fundi mzoefu. Vipimo vya vinasaba huona zaidi, ila vinadai maabara, umeme na fedha. Zanzibar ilikwisha kulipia somo hili: mwaka 2012 wananchi wa baadhi ya shehia walipimwa wote kwa kipimo cha haraka na waliokutwa na vimelea wakatibiwa, lakini malaria haikupungua kuliko katika shehia ambazo hazikupimwa hivyo.

Kwa hiyo hatuungi mkono rai ya kuweka meza bandarini Malindi na kumchoma kidole kila ashukaye. Wengi wenye vimelea watapita, na wageni wa bara watatazamwa kama wahalifu. Njia iliyo bora imekwisha anza: Visiwani, mgonjwa mmoja akionekana kituoni, afisa wa ufuatiliaji wa wilaya huarifiwa kwa simu, akaenda nyumbani kuwapima jamaa zake, wazima kwa wagonjwa. Bara nako mama mjamzito hupimwa malaria katika hudhurio lake la kwanza kliniki, awe na homa au asiwe nayo. Hatuoni kwa nini sampuli za akina mama hao, za Bagara na za kwingine penye malaria chache, zisipelekwe baadhi yake katika maabara ya vinasaba, wala kwa nini afisa wa Visiwani aendelee kuchukua kipimo cha haraka peke yake.

Tunajua kikwazo. Ni vigumu kumwombea fedha mtu asiyeumwa mbele ya wanaopanga bajeti, hasa wodi zinapokuwa tupu. Lakini mwaka 1968 mradi wa kutokomeza malaria Zanzibar ulifungwa ugonjwa ukiwa umeshuka sana, nao ukarudi kwa nguvu. Na tena, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, wagonjwa waliongezeka ghafula Visiwani, baada ya miaka ambayo wengi walidhani kazi imekwisha.

Wizara mbili za afya, ya Muungano na ya Zanzibar, zikae pamoja kabla ya mvua za masika. Zikubaliane fungu la vipimo vya vinasaba, maabara itakayovisoma, na siku ambazo majibu hayatazidi kabla ya kumfikia afisa aliyechukua damu. Jibu linalokuja baada ya mwezi humkuta msafiri amekwisha ondoka.