Nani Kasema Huyu ni wa India?

Sentensi yenyewe ni fupi na hutamkwa kwa sauti ya huruma: "Huyu ni wa India." Yaani, tiba yake iko huko mbali tu. Hapa kwetu mashariki mwa Kongo utaisikia Butembo, utaisikia Beni, utaisikia kwenye benchi la kituo cha afya upande wa Musienene, pale mama anapofunua kitenge na kichwa cha mtoto kikaonekana kimeuzidi mwili. Anayeitamka aweza kuwa jirani, mchungaji, hata mtu aliyevaa koti jeupe. Kwa mama ambaye nauli ya kufika Kasindi, mpakani mwa Uganda, tu hana, maana yake ni moja: rudi nyumbani ukasubiri.

Leo nimeichagua sentensi hiyo, na nimeiacha kando ile nyingine tuliyozoea kuikemea, ya uchawi. Juu ya mama mkwe anayesema mimba ilirogwa, juu ya chumba cha maombi kinachomfungisha mzazi hadi maziwa yanakauka, semina zimekwisha fanyika na posho zimekwisha lipwa. Watu hao wamekosea. Lakini tuwatendee haki: wanafanya kitu. Wanakesha, wanachemsha mizizi, wanachanga pesa, wanambeba mtoto mlima kwa mlima. Imani ya wasomi, ile ya India, haifanyi lolote. Inamtazama mtoto, inatikisa kichwa, inataja nchi ya mbali, kisha inaita anayefuata kwenye foleni. Kwa kuwa inasemwa na mtu wa shule, hakuna anayethubutu kuibishia.

Wanasema kwanza kwamba magonjwa haya ya kichwa na mgongo ni adimu. Adimu kwa nani? Makadirio ya wataalamu ni kwamba Afrika kusini mwa Sahara hupata zaidi ya watoto 100,000 wenye kichwa maji kila mwaka. Nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu, uchunguzi wa watoto waliofikishwa hospitali ya Mbale ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 yao hawakuzaliwa na ugonjwa huu. Waliupata baada ya maambukizi, mengi yao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mtoto mchanga anashikwa na homa, anatetemeka, anaacha kunyonya, homa inapita, watu wanashukuru Mungu. Ndani ya kichwa yamebaki makovu yaliyoziba njia ya maji ya ubongo. Wiki chache baadaye kofia haiingii. Sasa niambie, katika teritori ambamo familia nzima hulala porini zikikimbia vita, na watoto wao wachanga migongoni, homa ya mwezi wa kwanza ni kitu adimu? Tunachokiita adimu ni kile ambacho hatukihesabu.

Maji hayo si laana wala si maji machafu. Kila mtu anayo. Ubongo wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, na nafasi iliyopo ni ya mililita 150 hivi, kwa hiyo maji huzunguka na kunyonywa mara kadhaa tangu asubuhi hadi asubuhi. Njia ikiziba, kiwanda hakisimami. Kwa mtu mzima fuvu limefunga, naye aweza kuzimia na kufa upesi. Kwa mtoto mchanga maungio ya fuvu bado yako wazi, basi kichwa hutanuka. Kutanuka huko kunakotutisha ndiko kunakompa mtoto muda. Sisi tunautumia muda huo kusema India.

Wanasema pili kwamba bila skana hakuna utambuzi. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda, maana kifaa cha kwanza cha kutambua kichwa maji ni utepe wa fundi cherehani. Unauzungusha juu ya nyusi, unapita juu ya masikio, hadi pale kisogo kinapochomoza zaidi, kisha unaandika namba. Mtoto aliyetimia miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi. Katika miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita mbili kwa mwezi, mitatu inayofuata kama moja, na akifika mwaka mmoja huwa karibu na 46. Anayeongeza sentimita mbili kwa wiki hahitaji ndege ili tujue kwamba anaumwa. Utosi uliojaa na kukaza, mishipa iliyotokeza kichwani, macho yaliyovutwa chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni, hayo yote huonekana kwa mchana wa Mungu. Ukitaka kuona ndani, utosi wa mtoto ni dirisha: mashine ileile ya echo inayowaonyesha wajawazito watoto wao hupita hapo na kuonyesha vyumba vya ubongo vilivyojaa maji. Mashine za echo zipo. Siku za kupima kilo zipo. Tunapima kilo, tunapima mkono, tunasahau kichwa.

Juu ya dawa, India imo kweli katika habari hii, lakini imo kwa namna nyingine kabisa. Tiba ya zamani ni mrija mwembamba wenye vali, unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yamwagike humo na kunyonywa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 195 huko Uganda. Baadhi waliwekewa mrija wa Chhabra, unaotengenezwa India kwa dola kama 35, na wengine mrija wa Kimarekani wa dola kama 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti. Kwa hiyo anayepaswa kusafiri ni mrija kuja kwetu. Na huu ni mji wa Butembo! Mji ambao wafanyabiashara wake wanaijua Dubai na Guangzhou kama wanavyolijua soko lao, wanaoshusha makontena Mombasa na kuyapandisha hadi Kasindi, vita ikiwepo, barabara ikiwa matope. Pikipiki zinafika, simu zinafika, marumaru ya ukutani yanafika. Mrija unaoenea kwenye kiganja cha mkono unashindikanaje?

Hiyo Mbale ina somo jingine. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa huko mwaka 2001, na daktari Benjamin Warf, Mmarekani, akaona mapema shida ya mrija: unaziba, unaambukizwa, na mama yuko kijijini saa nyingi kutoka hospitalini. Akatumia kamera nyembamba kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Alipoondoka kazi haikulala. Iliendelea mikononi mwa Waganda, akiwemo daktari John Mugamba. Jaribio lao la watoto 100, lililochapishwa 2017, lililinganisha mrija na njia hiyo ya kamera, na ukuaji wa akili wa watoto baada ya mwaka haukutofautiana kwa maana yoyote. Elimu hii madaktari wa Boston na Toronto waliijenga pamoja na Waganda, kwa watoto wa Uganda. Sisi tulio jirani ndio tunaoamini kwamba ni ya sayari nyingine.

Sitawadanganya. Upasuaji haurudishi ubongo uliokwisha banwa kwa miezi. Mrija ukiziba, mtoto atatapika, atasinzia, na asiporudishwa haraka atakufa. Wengine hubaki na macho mabovu au kifafa. Lakini hayo yote yanazidi kwa kuchelewa, na kuchelewa kunatoka kwenye ileile sentensi.

Kuna na wenye kibiongo. Kijana wa miaka 12 anaanza kulalamika mgongo, anapinda, mfupa unachomoza, miguu inalegea. Wanasema alibeba mzigo, au alirushiwa kitu. Mara nyingi kinachomla ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Kisu si lazima kwa wengi. Katika miaka ya 1960 na 1970 yalifanyika majaribio Korea na Bulawayo, na yakaonyesha kwamba wagonjwa wengi waliotumia dawa huku wakitembea walipona vizuri, bila kulazwa kitandani miezi wala kufungwa plasta. Vidonge vya leo katika mpango wa kifua kikuu ni bure. Anayepooza miguu upesi huyo apelekwe kwa mpasuaji bila kupoteza siku. Wengine wanahitaji picha, kipimo, na uvumilivu wa miezi mingi ya dawa. India ya nini?

Mgongo wazi nao, yaani mtoto anayezaliwa na kifuko cha maji na neva mgongoni, ni habari ya kalenda. Mfereji wa uti wa mgongo hujifunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua. Asidi ya foliki inapunguza hatari hiyo sana, na jaribio kubwa la mwaka 1991 lililofanywa kwa wanawake waliokwisha zaa mtoto wa namna hii lilikata marudio kwa karibu robo tatu. Lakini kwetu kidonge hutolewa kliniki ya wajawazito, mwezi wa nne au wa tano, mgongo ukiwa umefungika au umekataa zamani. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutia virutubisho kama hiki kwenye vyakula. Vizuri, ila bugali wetu hautoki kiwandani, unatoka kwenye kinu cha mtaa na muhogo wa shamba la nyumbani. Pendekezo langu litawaudhi mapadri kidogo: parokia zinawafundisha wachumba kwa miezi kabla ya ndoa, basi na kidonge cha foliki kigawiwe humohumo. Hakizuii mimba, jamani. Kinailinda. Na kifuko cha mgongoni au cha kichwani kisitobolewe na yeyote, si kwa wembe wala kwa sindano. Kifunikwe kwa shashi safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, mwenye cha mgongoni alazwe kifudifudi, safari ianze siku hiyohiyo.

Nasikia swali: katika vita hii, unatuletea habari ya upasuaji wa ubongo? Ndiyo, na vita ndiyo sababu yangu kuu. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi Juni 2024, Goma ikafuata Januari 2025, na ile njia ya kusini tuliyokuwa tukiwapeleka wagonjwa hospitali ya HEAL Africa huko Goma si njia tena ya kumtuma mama na mtoto. Imebaki ya Kasindi, nayo ina wavizia-njia wake. Wakati huohuo Beni imezika watu waliokatwa mapanga tangu Oktoba 2014, na pikipiki zinavunja mafuvu kila wiki. Risasi ya uti wa mgongo ni kazi ya nani? Damu iliyoganda chini ya fuvu la mwendesha pikipiki ni kazi ya nani? Mpasuaji anayejifunza kutoboa kitundu salama kwenye fuvu la mtoto amejifunza pia kumwokoa huyo. Eneo la vita lisilo na mkono wa kutibu kichwa na mgongo ni upuuzi mtupu.

Na tusiambiwe kufungua fuvu ni mambo ya Wazungu. Kule Kisii, Kenya, waganga waitwao omobari walifungua mafuvu ya walioumizwa kichwa, wakakwangua mfupa kwa zana zao, na wagonjwa waliishi. Wataalamu waliwakuta na kuwaandika katika karne ya 20.

Tena tunao ushahidi wetu. Ebola ilipotangazwa upande wa Mangina Agosti 2018, chanjo iliyotaka ubaridi wa nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi ilifika Beni na Butembo, ikatunzwa, ikadungwa. Wagonjwa 3,470 waliandikwa na 2,287 walikufa kabla haijatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, lakini katika muda huo hakuna aliyesema ubaridi huo ni wa Ulaya. Uliletwa kwa sababu dunia iliogopa kwamba ugonjwa ungeifikia. Kichwa maji hakiambukizi, basi hakuna anayeogopa.

Chuo Kikuu cha Graben kimekuwa kikifundisha Butembo tangu 1989 na kina kitivo cha tiba. Kitume vijana wawili Mbale, na wafanyabiashara walipe, maana wanaweza. Hospitali ziagize mirija michache ikae akiba. Wauguzi wa Musienene, siku ya kupima kilo andikeni na sentimita za kichwa kwenye karatasi ya kila mtoto. Na wewe mama, anayekuambia hapa hakuna la kufanya, muulize kichwa cha mwanao kina sentimita ngapi leo, na wiki mbili zilizopita kilikuwa na ngapi. Asipokuwa na jibu, hajampima. Mchukue mtoto, utafute atakayempima.