Sheria yajua kuchukua DNA ya mshukiwa, kuiharibu bado ni kitendawili

MSHUKIWA akikamatwa Lokichar kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 12 au zaidi, afisa wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu anaweza kuamuru kwa maandishi kwamba achukuliwe mate, damu au nywele ili DNA yake ipimwe. Mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 2003. Sharti ni kwamba pawepo sababu za kutosha za kuamini kuwa kipimo hicho kitasaidia kuthibitisha au kukanusha kwamba ndiye aliyetenda kosa, na kwamba kazi hiyo ifanywe na daktari.

Kufikia hapo sheria ya Kenya inasomeka bila taabu. Taabu huanza baadaye. Kesi ikiisha, au ikifa kabla ya kuisha, sampuli inabaki wapi, kwa muda gani, na ni nani mwenye wajibu wa kuiharibu? Kanuni ya Adhabu inaeleza nani aamuru na nini kichukuliwe. Namna ya kuitoa sampuli mikononi mwa serikali haikuwekewa utaratibu.

Sheria iliyojitahidi kujibu swali hilo ni ile ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyofikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu chake cha 36 kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza mshtakiwa achukuliwe sampuli, nayo ihifadhiwe mahali panapofaa hadi kesi imalizike. Akipatikana na hatia, mahakama huagiza iwekwe katika benki ya data ya wakosaji hatari wa kingono. Akiondolewa hatia, mahakama huagiza iharibiwe. Mwaka 2008 kanuni maalumu za benki hiyo zilitangazwa. Hiyo ni nusu ya jibu, na ni nusu nzuri.

Nusu iliyosalia ndiyo inayowahusu zaidi watu wa Turkana Kusini. Kifungu cha 36 kinataja milango miwili tu ya kutokea mahakamani: kupatikana na hatia au kuondolewa hatia. Kesi nyingi katika nchi ya wafugaji hazipitii mlango wowote kati ya hiyo miwili. Shahidi huhama na mifugo kiangazi kinapokaza. Familia mbili huketi chini ya mti na wazee, mbuzi na ngamia hulipwa, na mlalamishi haonekani tena kortini, hata katika makosa ambayo sheria hairuhusu yamalizwe nyumbani. Upande wa mashtaka, ukiwa umekosa mashahidi, huomba kuondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Kanuni ya Taratibu za Jinai.

Wanasheria wanajua maana ya kifungu hicho. Mshtakiwa huachiliwa, lakini hajaondolewa hatia. Anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Kwa hivyo amri ya kuharibu sampuli, ambayo sheria imeifunga kwenye kuondolewa hatia, haimfikii. Mtu huyo anarudi kwa mifugo yake akiwa huru, huku DNA yake ikiendelea kukaa serikalini kama ya mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa. Na yule aliyechukuliwa sampuli kituoni, kisha asishtakiwe kabisa, yuko mbali zaidi na amri hiyo, kwa sababu hakuna hakimu aliyewahi kulisikia jina lake.

Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo hata maafisa huvichanganya. Kuna sampuli yenyewe, yaani ule ujiti wa pamba uliopitishwa ndani ya shavu, au tone la damu. Na kuna maelezo yanayotolewa humo maabarani, ambayo kwa kazi za upelelezi ni mfululizo wa tarakimu unaohusu sehemu chache za DNA, unaotosha kumtofautisha mtu na mwingine. Tarakimu hizo husema machache. Sampuli husema yote: maradhi ya kurithi, nani ni mzazi wa nani, na asili ya mtu. Nchi inaweza kuwa na sababu ya kuhifadhi tarakimu za mbakaji aliyehukumiwa. Ni vigumu zaidi kupata sababu ya kuendelea kuweka kwenye jokofu pamba yenye mate ya mtu aliyeachiliwa.

Si haki, hata hivyo, kuzungumza kana kwamba DNA ni adui wa mwananchi wa Turkana. Msichana aliyenajisiwa na kupata mimba ana ushahidi ambao hakuna kikao cha wazee kinachoweza kuupindua. Lokichar si kituo kidogo cha wafugaji kama ilivyokuwa kabla ya mafuta kugunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012. Madereva wa malori, wafanyakazi wa mikataba na watafuta kazi wamepita humo kwa miaka mingi, na anayetenda uovu leo anaweza kuwa Kitale au Eldoret kesho. Benki ya data inayoweza kulinganisha kosa la Lokichar na kosa la mji mwingine ni jambo ambalo wasichana hao wanalihitaji.

Tena serikali ina uwezo zaidi wa kuifanya kazi hiyo kuliko zamani. Kwa miaka mingi mzigo ulikuwa wa Mkemia wa Serikali. Mwezi Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alifungua maabara ya kitaifa ya uchunguzi katika makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, barabara ya Kiambu. Umbali wa mamia ya kilomita kutoka Turkana Kusini haujapungua. Sampuli ya majimaji isipokaushwa na kuwekwa ndani ya bahasha ya karatasi huoza haraka katika joto kama la huko, na mfuko wa plastiki, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi, huiharibu zaidi. Huo nao ni upande wa kanuni usiopaswa kusahauliwa: sampuli iliyohifadhiwa vibaya humwachilia mwenye hatia.

Jaribio kubwa la serikali la kwenda mbali zaidi lilikuja mwishoni mwa 2018. Kupitia sheria ya marekebisho mbalimbali, Bunge liliigeuza Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, na kuingiza DNA katika orodha ya mambo ambayo kila mtu angeweza kutakiwa kuyatoa wakati wa kusajiliwa, pamoja na mahali hasa anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Huo ndio uliokuwa msingi wa Huduma Namba. Haikuwa tena habari ya mshukiwa, bali ya kila mtu, mama muuza maziwa kwa mzee wa boma.

Shirika la kutetea haki za Wanubi, pamoja na wengine, lilikwenda mahakamani. Aprili 1, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir, waliruhusu usajili uendelee kwa masharti, lakini wakazuia ukusanyaji wa DNA. Katika hukumu yao ya Januari 30, 2020, walisema kwamba kukusanya DNA na vipimo vya setilaiti kulikuwa kuingilia faragha bila ulazima, kinyume cha kifungu cha 31 cha Katiba. Upande wa serikali ulikuwa umeeleza kwamba usajili huo haukuwa ukichukua DNA hata hivyo. Ni utetezi wa ajabu kidogo: kuomba uhalali wa kitu unachosema hukitumii.

Hukumu hiyo iliufunga mlango wa kuchukua DNA ya kila mtu katika usajili. Haikuugusa ule wa kituo cha polisi, kwa sababu hakuna aliyeiomba mahakama iuguse. Tangu hapo mjadala wa taifa umehamia kwenye kadi, kwanza ya Huduma, kisha Maisha Namba, na DNA ya mshukiwa ikabaki chini ya vifungu vilevile vya 2003 na 2006.

Kuna jambo linaloifanya DNA isiwe sawa na alama ya kidole, na Waturkana huenda wakalielewa upesi kuliko wengine. Neno lao la ukoo, emachar, ndilo pia la chapa inayochomwa kwenye ngozi ya mifugo. Ukiijua chapa umeijua familia. DNA ndivyo ilivyo. Anayetoa sampuli hutoa habari za ndugu zake, za watoto wake na za binamu ambao hawakuulizwa. Baada ya uvamizi wa mifugo, pale polisi wanapotafuta vijana wa upande fulani, sampuli moja inaweza kuelekeza macho kwa ukoo mzima. Katika eneo ambalo serikali ilituma polisi na wanajeshi mnamo Februari 2023 kwa oparesheni ya kupambana na ujangili wa mifugo, pamoja na kaunti nyingine tano za Bonde la Ufa, hilo si jambo la kufikirika tu.

Wakimbizi wameshaonja ukali wa kipimo hiki. Mwaka 2008 Marekani ilianza Nairobi kuwapima DNA wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliotaka kuungana na jamaa zao walioko huko. Jaribio lilianza na watu wapatao 500, likapanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika. Serikali ya Marekani ilisema ni chini ya asilimia 20 tu ya kesi ambapo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa, ikihesabu pia waliokataa au kutofika. Mpango wa kuunganisha familia ukasimamishwa hadi 2012, uliporejea DNA ikiwa sharti. Udanganyifu ulikuwapo. Lakini vita huacha mayatima, na mama aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake humwita mwanawe bila kusema uongo. Kwa maelfu ya watu walioko Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, swali la nani ni mtoto wa nani halijibiwi na maabara pekee.

Uingereza nayo ilijaribu mwaka 2009 kutumia DNA kupima iwapo waomba hifadhi waliosema ni Wasomali walikuwa Wasomali kweli. Wanasayansi walipinga, wakisema chembechembe za urithi hazijui mpaka wa nchi, na mradi ukaachwa mwaka 2011. Kuwait, baada ya shambulio la bomu msikitini mwaka 2015, ilitunga sheria ya kuchukua DNA ya kila mkazi, wageni wakiwemo. Mahakama yake ya katiba iliifuta mwaka 2017.

Funzo lenye uzito zaidi kwa Kenya liko katika kesi nyingine ya Uingereza. Watu wawili wa Sheffield, mmoja akiwa na umri wa miaka 11 alipokamatwa, waliomba DNA zao zifutwe baada ya kesi zao kuisha bila hatia: mvulana aliondolewa hatia, na kesi ya mwenzake ikasimamishwa. Polisi walikataa. Mnamo Desemba 4, 2008, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuhifadhi bila kikomo DNA za watu wasiohukumiwa ni kukiuka haki ya maisha ya faragha. Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 2012, na zaidi ya kumbukumbu milioni 1.7 za watu wasio na hatia zikafutwa. Mahakama hiyo haikuweka tofauti kati ya aliyeondolewa hatia na ambaye mashtaka yake yaliachwa tu. Ndiyo tofauti ambayo kifungu cha 36 cha Kenya kimeisahau.

Wapo watakaosema Sheria ya Kulinda Data, iliyotiwa sahihi Novemba 8, 2019, imeziba pengo hilo. Kweli, sheria hiyo inazitaja data za urithi kuwa nyeti, inakataza data kuhifadhiwa kupita muda unaohitajika, na inampa mtu haki ya kuomba zifutwe. Lakini pia inatoa msamaha kwa usalama wa taifa na maslahi ya umma, maneno ambayo idara ya upelelezi haitakawia kuyashika. Na hata bila msamaha huo, mzigo umewekwa begani mwa mwananchi: ajue kwamba sampuli yake bado ipo, ajue iko ofisi gani, aandike ombi, na akikataliwa apeleke malalamishi kwa Kamishna wa Data. Kwa mchungaji asiyesoma, aliyeko malishoni mbali na barabara ya lami, haki hiyo ipo vitabuni tu.

Cha kushangaza ni kwamba DNA ya Waturkana inayolindwa kwa utaratibu unaoeleweka zaidi huenda ni ile iliyo mikononi mwa watafiti. Mwezi Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosoma DNA yote ya watu 367, Waturkana na majirani zao, na kueleza jinsi jeni liitwalo STC1 linavyosaidia mwili kustahimili uhaba wa maji na mlo wa nyama, maziwa na damu. Katika utafiti wa aina hiyo mtu huombwa ridhaa kwanza, hueleza matumizi aliyoyakubali, na anaweza kujitoa. Mshukiwa hawezi kudai ridhaa ya namna hiyo, wala sheria haiwezi kumpa; lakini anaweza kupewa tarehe.

Bunge likitaka, linaweza kuongeza maneno machache katika kifungu cha 36, na mengine katika Kanuni ya Adhabu, ili kuondolewa kwa mashtaka na kutoshtakiwa kuwe na matokeo yaleyale ya kuondolewa hatia baada ya muda uliotajwa, na ili maabara ndiyo itoe taarifa kwamba sampuli imeharibiwa, bila kungoja kuombwa. Kabla ya hapo ipo njia ndogo isiyongoja mswada wowote. Kiongozi wa mashtaka Lodwar anapoomba kuondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), hakimu anaweza kumuuliza sampuli ya mshtakiwa iko wapi, na kuandika jibu hilo katika kumbukumbu za korti.