Dinosauri wa Nyacheki mwenye gambuti

UPEPO WA MLIMANI
Na Kemunto Nyaboke

Binti ya kaka yangu kule Nyacheki, Bobasi, amechora dinosauri nyuma ya daftari la hesabu. Shingo ndefu kama mlingoti wa stima, gambuti miguuni, kapu la majani chai mgongoni. Nikamuuliza mbona mnyama amenuna hivyo. "Shangazi, amefika kituoni akakuta lori limeenda."

Aliyewahi kuchuma chai Gusii ataujua uso ule hata ukichorwa kwa mkaa.

Nimeuomba mchoro huo, nimeutia mkobani, na tangu siku hiyo mawazo yangu yako Tabaka, kwa wachongaji. Sisi wa Bobasi tuna chai na ndizi. Jiwe la sabuni wamejaliwa ndugu zetu wa Mugirango Kusini. Huko huchongwa tembo, kiboko, twiga, sahani na seti za sataranji. Tembo wa nyumba hii ni ndugu pacha wa tembo wa nyumba ya pili, na hapo ndipo broka anapombana mchongaji. Ukikataa bei yake, anavuka ua tu. Mnyama asiye na mwenyewe hana wa kumtetea sokoni.

Lakini dinosauri aliyenuna kwa kuachwa na lori la chai akichongwa pale, broka atamvukia ua gani?

Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tembo kwa jumla hana mwenye hakimiliki. Tembo wako mwenye kituko chake ni mali yako, kama shamba. Sisi wasomaji wa magazeti tulikua na Juha Kalulu, mhusika wa katuni wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, tukamcheka miaka nenda miaka rudi, na mimi sijawahi kumwona kwenye kikombe wala akiwa amechongwa kwa jiwe. Wengine wangemfanya kiwanda.

Atatokea wa kuniambia dinosauri ni mambo ya Wazungu. Aende Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji wa mifupa ya dinosauri kilimani Tendaguru, na waliochimba ni Waafrika, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba hadi bandarini, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Babu zetu wa pwani wamembeba mnyama huyu vichwani. Mjukuu wao ana haki ya kumvisha gambuti.

Wala jiwe letu si la tembo pekee. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ana ndege wake wa amani huko Paris, makao makuu ya UNESCO. Nenda kamtazame, au tafuta picha yake, kisha umlinganishe na ndege wanaouzwa kwenye maduka ya watalii.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya broka, nalo liko ndani ya nyumba. Katika maboma mengi ya Tabaka kazi hii ni ya mke na mume. Mume huchapa jiwe kwa panga, akafuata kwa patasi na kisu. Mke huketi na beseni la maji na msasa, akasugua hadi ncha za vidole zikalainika kama jiwe lenyewe, kisha nta na kitambaa. Mgeni akiuliza nani amechonga, linatajwa jina moja. Yule wa beseni huitwa msaidizi.

Msaidizi wa nini? Kinyago cha kuchekesha hakichekeshi kwa mgongo wala mkia. Kinachekesha kwa jicho na pembe ya mdomo, na hayo huja mwishoni, rangi ikishapakwa na ncha ya kisu ikaikwaruza mpaka weupe wa jiwe ukachungulia. Msasa ukizidi kidogo pale mdomoni, dinosauri aliyenuna anageuka dinosauri mwenye usingizi. Anayeshika hatua hiyo ameshika roho ya biashara. Basi chini ya kinyago yakwaruzwe majina mawili, na pesa za simu ziingie mahali ambapo wote wawili wanaijua namba ya siri. (Naona wanaume kadhaa wameshakunja gazeti.)

Mwezi ujao naenda Tabaka na mchoro ule. Ninatafuta mke na mume watakaoketi nami pamoja, si mume akiniambia mama yuko kisimani. Mwenye mchoro amekubali, ila ametoa sharti: gambuti ziwe nne. Anaogopa mchongaji atamsimamisha dinosauri kwa miguu miwili kama mtu, kisha zile gambuti nyingine zipotelee njiani.