Nani Kasema Hajui Lolote?

Kuna kauli hapa Inyonga hutolewa kwa huruma, nayo inawamaliza wazee wetu: "Mwacheni tu, ni uzee huo, hajui lolote." Majirani huitoa wakija kujulia hali. Anayeuguza huipinga mwanzoni, kisha akichoka huikubali. Kuanzia hapo mzee ataogeshwa, atalishwa, atafungiwa mlango asipotee porini, lakini hakuna atakayezungumza naye.

Kauli hiyo ni uongo. Uzee peke yake haumsahaulishi mtu jina la mwanawe. Ugonjwa ndio humsahaulisha, nao unaitwa demenshia. Utafiti uliofanyika wilayani Hai uliukuta kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Ingekuwa ni uzee, hao wengine wote mbona hawakuwa nao? Na wanaodai bibi anazurura usiku kwa sababu ni mchawi, si mgonjwa, wakumbuke damu ya vikongwe iliyomwagika magharibi mwa nchi na Kanda ya Ziwa.

Sisi ni watu wa nyuki, basi twendeni kwenye mizinga. Mzee mmoja jirani yetu hamtambui tena mjukuu wake, na swali lile lile atakuuliza mpaka jua lizame. Lakini mpe gome la mti wa mtundu atengeneze mzinga. Atalikunja, atalipapasa ukingoni kutafuta pa kutoboa, apachike kijiti, akaze. Ukikosea kushika upande wako, atakusogeza mkono. Huyo ndiye asiyejua lolote? Ujuzi wa mikono hutunzwa kwingine katika ubongo, na mara nyingi ugonjwa huchelewa kufika huko. Hisia nazo hubaki: maneno uliyomfokea asubuhi atayasahau, ila woga atakaa nao hadi jioni.

Huko huko Hai, wagonjwa walikusanywa katika vikundi, vikao 14 kwa wiki saba, wakaimba, wakazungumza, wakafanya kazi ndogo za mikono. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, na maisha yao yakawa na nafuu. Hawakupona, kwa sababu demenshia nyingi hazina tiba ya kuziponya. Lakini kati ya kupona na kutelekezwa pana nafasi kubwa, na matumaini ninayoyatetea yamo humo.

Na mzee akivurugikiwa akili ghafla, kwa siku chache tu, mpelekeni kituo cha afya haraka. Malaria, maambukizi ya mkojo au sukari iliyoshuka huleta hali kama hiyo, na hayo yanatibika.

Ndugu mlioko Mpanda na Dar es Salaam, mnaotuma hela kwa simu na kumwachia dada yenu kumuuguza mzee usiku wote: pangeni zamu. Njooni msimu wa kurina, mkae na baba kwenye mizinga, dada yenu apate kulala.