Neno "sekte" halihukumu matendo

Siku hizi katika miji yetu neno moja limekuwa jepesi mdomoni: sekte. Kikundi kikianza kuomba kwa ginsi nyingine, mtaa wote unasema: "Bale beko ba sekte, musiingiye mule." Hata mtu anayewakumbuka babu zake kwa desturi ya wazee, naye anaitwa vile. Sisi tunakataa kusema hivyo, na hapa tunaeleza sababu.

Neno hili tulilipokea kwa Wazungu, na polisi alikuwa nyuma yake. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa kule Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Alifundisha Biblia, akakataza fetishi na mitala. Mwezi wa Septemba walimkamata. Alihukumiwa kufa, kisha mfalme wa Ubelgiji akageuza adhabu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa miaka 30 katika buloko ya Elisabethville, ni kusema Lubumbashi yetu hii, akafia humo mwaka 1951. Lakini kanisa lake lilitambuliwa Desemba 1959, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa lote. Je, ni Kimbangu aliyegeuka? Alikuwa amekwisha kufa. Waliogeuka ni wenye kushika muhuri.

Mambo ya mila yalipata hasara zaidi. Kwa Waluba, Bambudye njo walikuwa walinzi wa historia ya ufalme. Walishika lukasa, ubao wenye shanga na alama, wakasimulia kwa kuugusa majina ya wafalme na safari zao. Katika vitabu vya wakati wa ukoloni waliandikwa: sekte ya siri. Leo mbao nyingi za lukasa ziko katika majumba ya makumbusho kule Ulaya na Marekani, na wajukuu wa wenyewe, wengi wetu, hatujui kuzisoma.

Tunajua mutajibu: "Na wale wanaoua, tuwaache tu?" Hapana, hatari iko kweli. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alitoka Rhodesia ya Kaskazini akaingia mpaka Katanga, akibatiza watu majini na kuwaua wale aliowaita wachawi. Alinyongwa mwaka 1926, kwa sababu aliua. Karibu na mpaka wetu, kule Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliungua ndani ya nyumba yao ya sala Machi 2000.

Lakini muangalie tena. Kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani, wanaofungwa, wanaonyimwa chakula kwa kuwa pasta amesema ni wachawi. Pasta yule ana makaratasi ya Serikali, ana mikrofoni na viti vya plastiki 300, hakuna anayemuita wa sekte. Tena ni yeye anayelipiga neno hilo kwa wengine kila siku ya Mungu! Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inaadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Haiulizi kama kanisa lako ni kubwa ama dogo, la zamani ama la jana. Inauliza umefanya nini.

Kwa hiyo tunaomba walimu, watu wa radio na viongozi wa dini: kabla ya kutamka neno hilo, muulize kwanza. Mtu anaweza kutoka katika kikundi bila woga? Mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali? Watoto wanasoma? Feza za sadaka zinakwenda wapi? Majibu yakiwa mabaya, mupeleke jambo kwa tribinali kwa jina la kosa lenyewe: wizi, mapigo, uuaji. Na maswali yaleyale yaulizwe kwa kanisa kubwa la katikati ya mji, hata kwa chama cha mila kama hiki chetu. Sisi tuko tayari kujibu. Wengine nao wajibu.